Hesabu ya Dizeli Haiishii Kwenye Pampu

Ikiwa unalisoma gazeti hili Jumapili alasiri huku gari la jirani likinguruma nje, fahamu kwamba kulikuwa na wakati ambapo ngurumo hiyo ingemfikisha mwenye gari mbele ya polisi. Wazee wetu waliofanya kazi mjini katika miaka ya 1970 na 1980 wanakumbuka vyema: ilipotimu saa nane mchana siku ya Jumapili, gari la mtu binafsi lilipaswa kulala hadi kesho yake. Kati ya Oktoba 1973 na mwanzoni mwa 1974 bei ya mafuta ghafi katika soko la dunia ilikuwa imepanda karibu mara nne, fedha za kigeni zilikuwa haba, na kila tone lilihesabiwa. Aliyekwenda harusini Magomeni akanogewa na ngoma, gari lake lilimngoja huko huko mpaka alfajiri.

Siku hizi hakuna anayetukataza kutembea Jumapili. Badala yake tunaingoja Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, ambapo Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Asubuhi hiyo utawaona watu kwenye daladala wakisoma bei kama wasomavyo matokeo ya mpira, na wengi wao hawana hata baiskeli.

Nimelianza jambo hili kwa mbali kwa sababu wiki chache zilizopita shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alinijia nyumbani na karatasi mbili mfukoni. Yeye ni mfanyakazi wa kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere, anakaa Ukonga, na baada ya miaka mingi ya kuweka akiba alikuwa amekubaliwa mkopo na chama chao cha kuweka na kukopa. Anataka gari la familia, lile la viti vinane ambalo watu wa mjini wamezoea kuliita Noah, la umbo la zamani. Amelipata la petroli kwa shilingi 9,000,000 na la dizeli kwa shilingi 11,000,000. Yeye moyo wake uko kwenye dizeli. Dada yangu amekataa katakata.

"Shemeji," aliniambia, "wewe ni mtu wa magazeti. Hebu nieleze kama ninafanya ujinga. Dizeli hainywi. Kila dereva ananiambia hivyo. Dada yako ananiambia habari za moshi."

Habari za moshi zina sababu yake. Binti yao wa mwisho, mwenye umri wa miaka saba, ana pumu. Nyumba yao ina ua mdogo uliozungushiwa ukuta, na mahali pekee pa kulaza gari ni chini ya dirisha la chumba wanacholala watoto. Nilimjibu kuwa tusitoe hukumu kabla ya kufanya hesabu na kuwauliza mafundi. Hayo ndiyo nitakayokueleza leo, maana naamini si shemeji yangu peke yake anayetembea na karatasi mbili mfukoni.

Sifa ya dizeli si uzushi wa madereva. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg nchini Ujerumani, mhandisi Rudolf Diesel alionyesha injini iliyoweza kugeuza kiasi cha robo ya nguvu iliyomo katika mafuta kuwa kazi. Injini za mvuke za siku zile aghalabu hazikufikia hata nusu ya kiasi hicho. Miaka 3 baadaye, katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na yasemekana watazamaji wengi hawakutambua tofauti yoyote. Diesel mwenyewe hakuufaidi uvumbuzi wake kwa muda mrefu. Septemba 1913 alipanda meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, na usiku akatoweka. Maiti yake ilionekana baharini siku kadhaa baadaye. Jina lake ndilo tulitajalo kila tufikapo kituo cha mafuta, ingawa ni wachache wajuao kuwa ni jina la mtu.

Siri ya injini yake ni hii. Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa ndani ya silinda hadi kufikia sehemu moja ya nane au ya kumi na mbili ya ujazo wake, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko huwaka. Katika injini ya dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa kwa nguvu zaidi, mara kumi na nne, mara ishirini au zaidi, mpaka inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Hapo ndipo mafuta hunyunyizwa kupitia nozeli, nayo huwaka yenyewe kwa kukutana na joto hilo. Kubana huko kwa nguvu ndiko kunakoipa dizeli uwezo wa kutoa kazi nyingi kwa mafuta machache. Hali kadhalika, dizeli ni nzito kuliko petroli, na lita yake moja ina nguvu zaidi kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Ukijumlisha hayo mawili, gari la dizeli hutumia pungufu ya robo hivi ya lita ambazo mwenzake wa petroli angezitumia kwa safari ile ile.

Basi tukachukua kalamu. Kutoka Ukonga hadi Kariakoo na kurudi tuliweka kilomita 30. Kwa siku 25 za mwezi ni kilomita 750. Gari la petroli la aina hiyo tulilikadiria kilomita 9 kwa lita, la dizeli kilomita 12. Bei tuliiweka shilingi 3,000 kwa lita kwa mafuta yote mawili, ili tusigombane na Jumatano ya kwanza ya mwezi. La petroli litakula kiasi cha shilingi 250,000 kwa mwezi. La dizeli litakula shilingi 187,500. Tofauti ni shilingi 62,500.

Shemeji alitabasamu. Nikamwomba asitabasamu bado. Gari la dizeli limemzidi mwenzake kwa shilingi 2,000,000 siku ya kununua. Kwa akiba ya shilingi 62,500 kwa mwezi, atazirudisha fedha hizo baada ya miaka miwili na miezi minane, iwapo hakuna kitakachoharibika. Na dizeli ikizidi petroli kwa shilingi 200 tu kwa lita, akiba hiyo inashuka hadi shilingi 50,000, na ngoja yake inakuwa miaka mitatu na miezi minne. Laiti angekuwa dereva wa biashara atembeaye kilomita 150 kwa siku, hesabu ingebadilika kabisa: tofauti yote ingerudi kabla ya miezi saba kutimia. Ndiyo maana malori, mabasi na matrekta ni ya dizeli, na hakuna mwenye akili atakayeyalaumu. Dizeli ni mafuta ya atembeaye mbali na abebaye mzigo. Kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi, kisha Jumapili kanisani, faida yake ni ndogo kuliko sifa yake.

Tena hiyo ni injini nzima. Pampu ya dizeli na nozeli zake ni vyombo vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa, na uchafu kidogo au maji kidogo katika mafuta huvitia ugonjwa. Fundi mmoja wa Gerezani ambaye tulimwendea alituambia kuwa gari bovu la petroli humsumbua mwenyewe kidogo kidogo, lakini la dizeli hukaa kimya miaka mingi, kisha siku moja hudai mshahara wake wote kwa mkupuo.

Nikataja bei ya dizeli kuizidi ya petroli. Jambo hilo si la kubuni. Wengi tulikua tukiamini kuwa dizeli ni mafuta ya bei nafuu, kana kwamba ni sheria ya maumbile. Lakini Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na Ulaya, ambayo ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya dizeli yake kutoka Urusi, ikaanza kuitafuta kwingineko. Mafuta yanayouzwa duniani ni sokoni pamoja. Akiongezeka mnunuzi mwenye fedha nyingi, sisi wa mwisho wa foleni tunapandishiwa. Mei 2022 bei kikomo ya petroli jijini Dar es Salaam ilikuwa shilingi 3,148 na ya dizeli shilingi 3,258. Serikali ikatangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kuanzia Juni mwaka huo ili kupunguza makali.

Hapa yafaa tutazame nani hasa huumia. Petroli ikipanda, mwenye gari dogo, mwenye bodaboda na abiria wake hulia. Dizeli ikipanda, analia hata yule asiyejua kufunga mkanda wa kiti. Mahindi ya Rukwa, viazi vya Njombe, vitunguu vya Singida, saruji, nondo, vitabu vya shule, vyote hubebwa na dizeli. Tangu mwaka 2023 bomba la TAZAMA, ambalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa likipeleka mafuta Ndola nchini Zambia, limegeuzwa kuwa la kusafirisha dizeli peke yake. Kiasi hicho ndicho bidhaa hiyo inavyohitajika huko bara. Mama lishe hanunui dizeli hata lita moja kwa mwaka, walakini ailipia kila siku katika sahani ya wali.

Kuna bili nyingine ya dizeli ambayo ililipwa na watu wasiohusika, nayo imesahaulika. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa ushuru mdogo kwa kuwahurumia wanaopikia na kuwashia taa. Wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya na dizeli na kuyauza kwa bei ya dizeli, na neno "kuchakachua" likaingia katika vinywa vya watu wote. Magari yakaharibika pampu. Mwaka 2010 mafuta yakaanza kuwekewa kinasaba cha kuyatambulisha, na katika bajeti ya mwaka 2011/2012 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kwa kiasi kikubwa ili isiwepo tena faida ya kuchanganya. Hila ya wachache ilizibwa, ni kweli. Lakini aliyeongezewa gharama ni bibi mwenye koroboi na mpangaji mwenye jiko la utambi. Hata mwaka 2017, ilipofutwa ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake ikaongezwa shilingi 40 katika kila lita, mafuta ya taa nayo yaliwekewa shilingi hizo 40. Bibi yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata mkokoteni, akawa mlipa ada ya magari. Sababu za wataalamu nazielewa. Ila kila nikilikumbuka jambo hilo nashindwa kulipenda.

Tuje sasa kwenye moshi, alikosimama dada yangu.

Nilitaka kwanza kumtendea haki shemeji. Ukitazama hewa ukaa, ile inayoongeza joto la dunia, dizeli ina hoja. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kiasi cha kilo 2.3 za hewa hiyo, na lita ya dizeli hutoa zaidi, kama kilo 2.65. Lakini kwa kuwa dizeli hutumika lita chache, katika zile kilomita 750 za mwezi gari la petroli litatoa kilo 190 na la dizeli kilo 165 hivi. Dizeli imeshinda kwa kilo 25. Tena hutoa kidogo sana ile kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliojifungia na gari linalounguruma ndani ya gereji. Petroli nayo si maji ya kunywa: ndani yake mna benzini, ambayo husababisha kansa ya damu, na kijana anayenyonya petroli kwa mpira kutoka tangi hadi galoni anajitia hatarini zaidi kuliko anavyodhani.

Walakini mtoto mwenye pumu havuti hewa ukaa. Kinachomwumiza ni vitu viwili ambavyo dizeli ya kizamani huvitoa kwa wingi kuliko petroli. Cha kwanza ni masizi, chembe za kaboni ndogo kiasi kwamba ukiziweka ubavuni mwa unywele wa binadamu, unywele utaonekana kama gogo la mnazi. Chembe kubwa hukamatwa puani na kooni. Hizi hupita hadi mwisho wa mapafu, na zilizo ndogo kabisa huweza kuingia katika damu. Cha pili ni oksidi za naitrojeni, ambazo huzaliwa pale hewa inapopata joto kali ndani ya silinda. Hizi huwasha njia za hewa kama pilipili iwashavyo macho. Juni 2012 wataalamu wa shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, waliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kuwa husababisha kansa kwa binadamu. Moshi wa injini za petroli waliuacha katika kundi la vitu vinavyoshukiwa tu.

Nataka ukumbuke kisa kimoja, kwa sababu kinaanzia kule yatokako magari yetu mengi. Mwaka 1999 Ishihara Shintaro, aliyekuwa gavana wa Tokyo, alisimama mbele ya waandishi wa habari akaitikisa chupa ya plastiki yenye masizi meusi ya dizeli. Watu wa jiji lake, alitaka kusema, ndio waliokuwa wakiyavuta hayo. Tarehe 1 Oktoba 2003 Tokyo na mikoa mitatu jirani yake ilianza kuyakataza malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi kupita katika barabara zake, isipokuwa yawekewe kichujio. Mwenye gari alikuwa na njia tatu: kuweka kichujio, kununua jipya, au kuliuza la zamani mahali ambapo hakuna anayetikisa chupa. Wewe na mimi tunajua bandari ambazo magari makuukuu ya Japani hushukia.

Ulaya ilikwenda njia tofauti na ikajuta. Kwa kuwa walikuwa wakihesabu hewa ukaa tu, serikali kadhaa za huko ziliwapunguzia kodi wenye dizeli, hata ikafika wakati, karibu na mwaka 2011, zaidi ya nusu ya magari mapya madogo katika nchi za Ulaya Magharibi yalikuwa ya dizeli. Kisha Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ikatangaza kuwa kampuni ya Volkswagen ilikuwa imeweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kwamba gari linapimwa. Likiwa kwenye kipimo, lilikuwa na adabu kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Likitoka barabarani, lilitoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Kampuni yenyewe ilikiri kuwa magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Leo mjini London mwenye gari kuukuu la dizeli hulipa pauni 12.50 kwa kila siku anayolitembeza, na tazama jinsi walivyopanga: petroli ya tangu mwaka 2006 hivi husamehewa, lakini dizeli sharti iwe ya kiwango kilichoanza kutumika kwa magari mapya Septemba 2015. Miaka kama kumi ya tofauti kati ya mafuta mawili. Hiyo ndiyo tafsiri ya moshi kwa lugha ya fedha.

Huku kwetu limefanyika jambo moja jema ambalo halikupigiwa ngoma. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuwa dizeli inayoingizwa isizidi salfa sehemu 50 katika milioni. Kabla ya hapo viwango viliruhusu salfa mara nyingi zaidi ya hizo. Salfa ndiyo inayotoa ile harufu kali na ndiyo inayoviua vichujio vya masizi, hivyo bila kuipunguza hata gari jipya la dizeli lingekuwa chafu. Kwa upande wa petroli, nchi zote za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na madini ya risasi ilipofika Januari 2006, na akili za watoto wengi waliokua kando ya barabara zimeokolewa bila wao kujua.

Lakini mafuta safi katika gari lililong'olewa vifaa vyake ni kama maji ya kuchemsha yaliyowekwa katika mtungi mchafu. Gari la petroli la miaka ya karibuni lina masega katika bomba lake la moshi, kopo lenye vitundu kama vya nyuki, lililopakwa madini ya thamani ya platini, paladi na rodi. Humo kaboni monoksaidi, mvuke wa mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa hewa zisizo na madhara makubwa. Gari la kisasa la dizeli lina kichujio cha masizi, na mengine hunyunyiziwa maji ya urea ili kuzivunja oksidi za naitrojeni. Sasa uliza katika gereji yoyote mjini. Masega hutolewa yakauzwa kwa sababu ya madini yake, na mwenye gari huambiwa kuwa gari litakuwa jepesi. Kichujio cha dizeli, kikiziba kwa sababu ya foleni na safari fupi fupi, hutobolewa au hung'olewa, na fundi hujisifu kuwa amelitibu. Mwenye gari haoni tofauti yoyote. Moshi hutokea nyuma, yeye amekaa mbele.

Nani basi yuko nyuma? Nilisimama asubuhi moja katika kituo cha daladala cha Gongo la Mboto na kuwahesabu kwa macho. Mpiga debe. Mama wa vitumbua, aliyekuwa ameifunika sinia yake kwa karatasi ya nailoni ambayo ilikuwa imekwisha kuwa ya kijivu. Askari wa usalama barabarani mwenye shati jeupe, ambaye aliniambia kuwa hulifua kila siku, na kwamba kola ndiyo isiyotakata. Wanafunzi wenye sare, urefu wao sawasawa na urefu wa bomba la moshi la basi. Katika hesabu yetu ya shilingi 62,500 hakuna hata mmoja wa hawa aliyewekewa safu yake.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kuliona lile gari la dizeli: shemeji, dada, mtoto, mimi na yule fundi wa Gerezani. Tulipofika, injini ilikuwa ya moto. Muuzaji alisema alikuwa ameliendesha kwenda kunywa chai. Fundi akainong'oneza sikio langu kuwa injini ya dizeli kuukuu husema ukweli ikiwa baridi tu, kwa kuwa hapo ndipo kubana kwake kulikochoka huonekana. Tukamwomba muuzaji asiliguse hadi kesho yake saa moja asubuhi. Hakupenda, lakini alikubali.

Iwapo nawe utakwenda kununua gari, jifunze rangi hizi ambazo fundi alitufundisha tulipokuwa tukirudi. Moshi mweusi wa dizeli maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: huenda ni nozeli zinazomwaga badala ya kunyunyiza, au kichujio cha hewa kilichoziba, na hilo la pili hutibika kwa fedha kidogo. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili yake yenyewe, na hapo kaa mbali. Mweupe wa asubuhi unaokwisha baada ya dakika moja si neno; mweupe usiokwisha ni mafuta yasiyoungua au maji yanayoingia kwenye silinda. Kwa gari la petroli, inama utazame chini kama masega yapo, kisha mwambie fundi aligonge kopo hilo kwa vidole. Lililo tupu hulia kama debe.

Saa moja asubuhi tulikuwa pale. Dada alimketisha mtoto mbali, chini ya mwembe, na dawa yake ya kuvuta ikiwa ndani ya mkoba. Kisha akatoa leso nyeupe, akampa fundi ashike nyuma ya bomba. Muuzaji akawasha. Gari lilikataa mara mbili, mara ya tatu likashika kwa kishindo, na wingu likatoka, jeusi kwanza, halafu la kijivu, likatambaa chini mpaka ukutani. Liliendelea kwa muda wa kutosha kwa shemeji kutazama saa yake mara kadhaa. Fundi alirudisha leso. Dada hakusema neno. Aliikunjua tu mbele ya mumewe, akaikunja tena, akaitia mkobani.

"Na hili ndilo ungeliwasha kila siku saa kumi na moja alfajiri," alisema baadaye, tukiwa njiani. "Dirisha liko wapi na bomba liko wapi?"

Shemeji alichukua la petroli. Jumatatu alikwenda chamani kuwaarifu kuwa mkopo wake utapungua kwa shilingi 2,000,000, jambo ambalo mweka hazina alisema halijawahi kumtokea. Wiki hiyo hiyo gari lilipelekwa Gerezani kukaguliwa. Fundi aliligonga kopo la masega kwa vidole, nalo likalia kama debe. Aliyelimiliki kabla yake alikuwa amekwisha kuyauza. Shemeji ameuliza bei ya mengine, na dada ameanza kumwekea akiba katika mfuko ule ule wa karo.